Kutoka pete ya Mukuku hadi tone la mvua: Jinsi binadamu alivyojifunza kupima kishindo

Ilikuwa yapata saa tisa alasiri, Desemba 30, 2024, pete kubwa ya chuma ilipoanguka kutoka angani katika kijiji cha Mukuku, Kaunti ya Makueni. Hakuna aliyeripotiwa kujeruhiwa. Mapema Januari 2025, Shirika la Anga za Juu la Kenya (KSA) lilieleza kwamba pete hiyo ilikuwa na kipenyo cha takriban mita 2.5 na uzani wa takriban kilo 500. Uchunguzi wa awali, lilisema shirika hilo, ulionyesha kuwa ni kiungo kinachotenganisha sehemu za roketi. Kwa kawaida vifaa vya aina hiyo hutarajiwa kuteketea vinaporejea katika hewa ya dunia, au kuangukia mahali pasipo watu kama vile baharini.

Mengi yamesemwa kuhusu mwenye pete na ilikotoka. Swali moja, hata hivyo, halikupewa nafasi kubwa, nalo ni hili: pete ile iliipiga ardhi kwa nguvu kiasi gani?

Swali hilo si la mzaha. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1972 unaohusu madhara ya vyombo vya angani unasema kuwa nchi iliyorusha chombo itawajibika kulipa fidia iwapo chombo hicho kitaleta hasara juu ya ardhi. Lakini anayedai fidia sharti athibitishe hasara yake. Mtu akidai kuwa ukuta wa nyumba yake umepata ufa kutokana na kishindo, lazima pawe na njia ya kujua kama kishindo hicho kingeweza kufika kwenye ukuta huo kikiwa na nguvu za kuupasua. Masikio na macho ya mashahidi hayatoshi. Panahitajika kipimo.

Kipimo hicho kiliwasumbua wataalamu kwa zaidi ya karne moja. Safari yao ilipita kwenye ndoo za maji, udongo laini na hata sinia za unga. Mwishowe iliwafikisha kwenye jambo linalomhusu kila mkulima wa Kitui na Makueni, awe ameiona pete ya Mukuku au hajaiona.

Embe na sakafu

Tuanze na jambo ambalo watu wa Makueni wanalifahamu vyema. Embe lenye uzani wa gramu 400 likianguka kutoka tawi lililo mita 5 juu ya ardhi, hufika chini likiwa na kasi ya karibu mita 10 kwa sekunde. Je, lina nguvu kiasi gani?

Jibu ni kwamba inategemea linapoangukia. Likiangukia ardhi ngumu, husimama ndani ya umbali wa sentimita moja hivi, yaani kina cha nyama yake inayobonyea. Likipokewa na wavu unaolegea kwa sentimita 10, husimama polepole zaidi. Katika hali ya kwanza embe hupata kishindo kinacholingana na uzito wa kilo 200. Katika hali ya pili kishindo hicho hushuka hadi kama kilo 20. Ndiyo sababu mchumaji stadi hutumia mfuko uliofungwa kwenye ncha ya mti mrefu, kwani embe lililopondeka ndani halifai tena kwa soko.

Embe ni lile lile na kimo ni kile kile. Kilichobadilika ni umbali wa kusimama. Hapo ndipo wanasayansi wa kale walipokwama: walitafuta namba moja ya nguvu za kitu kinachoanguka, hali namba hiyo haipo. Kitu kinapoanguka hubeba nishati. Nguvu hujitokeza pale tu nishati hiyo inapozuiwa, na ukubwa wake hutegemea kizuizi.

Ndoo mbili za Galileo

Mmoja wa waliosumbuliwa na fumbo hili ni Galileo Galilei, mwanasayansi wa Italia aliyefariki mwaka 1642. Katika maandishi yaliyochapishwa miaka mingi baada ya kifo chake, alieleza chombo alichokitengeneza kwa kutumia mizani.

Upande mmoja wa mizani alitundika ndoo mbili, moja juu ya nyingine. Ndoo ya juu ilijaa maji na ilikuwa na tundu chini lililozibwa. Upande wa pili aliweka uzani wa kusawazisha. Matumaini yake yalikuwa kwamba tundu likizibuliwa, maji yangeipiga ndoo ya chini na mizani ingeinama upande huo. Kisha angeongeza uzani upande wa pili hadi mizani isawazike tena, na uzani huo wa ziada ungekuwa kipimo cha kishindo.

Mambo hayakwenda hivyo. Tundu lilipozibuliwa, upande wa ndoo ulipanda kidogo badala ya kushuka. Mara tu maji yalipoifikia ndoo ya chini, mizani ilirudi sawa na kutulia, ingawa maji yaliendelea kumiminika.

Leo tunaelewa sababu. Maji yaliyo hewani hayaegemei ndoo yoyote, hivyo uzito wake hupungua kwenye mizani. Kishindo cha maji yanayofika chini hurudisha kiasi kile kile kilichopungua. Mizani ya Galileo haikukosea. Ilipima kwa usahihi jambo ambalo mwenyewe hakulitarajia. Hata hivyo, ilidhihirisha kwamba kishindo hakipimiki kwa mizani kama gunia la mahindi.

Udongo wafichua siri

Ufumbuzi ulitokana na kifaa duni zaidi: udongo laini. Mnamo 1722, Willem 's Gravesande, mwalimu katika Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, alidondosha mipira ya shaba juu ya udongo wa mfinyanzi uliosawazishwa vizuri, kisha akapima mashimo yaliyobaki. Miaka michache kabla yake, Mwitaliano Giovanni Poleni alikuwa amefanya jaribio linalofanana na hilo kwa kutumia mafuta ya mnyama yaliyoganda.

Wakati huo Ulaya ilikuwa na mgogoro mkali wa kitaaluma. Wafuasi wa Newton walishikilia kuwa nguvu za kitu kinachokwenda hupatikana kwa kuzidisha uzani wake na kasi yake. Mjerumani Leibniz alikuwa amepinga tangu 1686, akisema kasi hiyo izidishwe kwa yenyewe. Tofauti inaonekana ndogo, lakini matokeo yake ni makubwa. Kwa hesabu ya kwanza, mpira ukiongezewa kasi mara mbili, shimo lingeongezeka mara mbili. Kwa hesabu ya pili, lingeongezeka mara nne.

Udongo uliamua: mara nne. Mpira wenye kasi mara tatu ulichimba shimo kubwa mara tisa. 's Gravesande, ambaye awali alikuwa upande wa Newton, alikubali alichokiona na kubadilisha msimamo. Msomi wa Ufaransa, Émilie du Châtelet, aliitetea hoja hiyo katika kitabu chake cha 1740 na kuieneza miongoni mwa wasomaji wengi. Baadaye ilibainika kuwa kila upande ulikuwa ukizungumzia jambo tofauti na kwamba vipimo vyote viwili vina kazi yake. Kwa anayetaka kujua uharibifu, hata hivyo, kipimo cha udongo ndicho chenye jibu.

Vyombo vingine vilifuata. Mwaka 1742, Mwingereza Benjamin Robins alieleza jinsi ya kupima kasi ya risasi kwa kuifyatulia kwenye ubao mzito unaoning'inia, kisha kupima ulivyobembea. Mwaka 1784, George Atwood wa Cambridge alichapisha maelezo ya mashine yenye vizani viwili vilivyofungwa kwenye uzi uliopita juu ya gurudumu. Kizani kimoja kilizidi kingine kidogo tu, hivyo mwanguko ulikuwa wa polepole kiasi kwamba mtu aliweza kuufuatilia kwa mlio wa saa ya ukutani. Mashine ya Atwood bado hufundishwa shuleni.

Udongo wa 's Gravesande nao haujastaafu. Wahandisi wa barabara hutumia chombo chenye nyundo ya kilo 8 inayoangushwa kutoka kimo cha sentimita 57.5 juu ya fimbo yenye ncha kali. Kila pigo huisukuma fimbo ardhini, na mhandisi huhesabu milimita. Ni jaribio lile lile lililogeuzwa: Mholanzi yule aliujua udongo akatafuta nguvu, mhandisi anazijua nguvu na anatafuta ugumu wa udongo.

Hesabu ya pete

Kwa kuunganisha majaribio hayo mawili, mtaalamu anaweza kulikaribia swali la Mukuku. Hupima kina cha shimo, hupima ugumu wa udongo wa mahali hapo, kisha hurudi nyuma kihesabu hadi kwenye kasi.

Tutoe mfano, na isomwe kama mfano tu. Roketi inayopeleka mzigo kwenye njia ya kuizunguka dunia huhitaji kasi ya karibu kilomita 28,000 kwa saa. Kitu kinaporejea, hewa hukikaba na kukipunguza mwendo hadi msukumo wa hewa ulingane na uzito wake. Kuanzia hapo hakiongezi kasi tena, hata kama kimetoka mbali namna gani.

Tuseme pete ya kilo 500 imefika chini kwa kasi ya mita 50 kwa sekunde, ambayo ni kilomita 180 kwa saa. Nishati yake ni jouli 625,000. Ikisimama ndani ya nusu mita ya udongo, ardhi huipokea kwa nguvu zinazolingana na uzito wa tani 127 hivi, yaani ndovu dume zaidi ya 20 waliosimama kwa pamoja juu ya duara hilo, japo kwa sehemu ndogo ya sekunde. Na kama kasi ilikuwa mara mbili, mita 100 kwa sekunde, nishati haiwi mara mbili bali mara nne, kama udongo wa Leiden ulivyoonyesha. Inafika jouli milioni 2.5.

Tuishike namba hiyo ya mwisho. Tutairudia.

Sinia ya unga

Kitu kinachoanguka mara nyingi kuliko vyote si chuma cha roketi wala embe, bali tone la mvua. Kama hewa isingekuwapo, tone kutoka wingu lililo mita 2,000 juu lingetufikia kwa kasi ya karibu mita 200 kwa sekunde, nayo mvua ingekuwa hatari kwa uhai. Hewa hutuokoa: tone kubwa, lenye kipenyo cha milimita 5, hufika kwa mita 9 hivi kwa sekunde, na tone dogo la milimita moja kwa mita 4.

Namba hizo hazikupatikana kwa urahisi, kwa sababu tone halisubiri kupimwa. Mwaka 1895, mtaalamu wa mimea kutoka Austria, Julius Wiesner, alitumia karatasi inayofyonza maji iliyopakwa unga wa rangi. Kila tone liliacha doa, na upana wa doa ulimwambia ukubwa wa tone.

Mwaka 1904, Wilson Bentley, mkulima wa jimbo la Vermont nchini Marekani anayekumbukwa kwa picha zake za theluji, alieleza njia rahisi zaidi. Alitoa nje sinia yenye unga laini wa ngano kwa sekunde chache mvua ikinyesha. Kila tone lilijiviringisha katika unga na kuwa kidonge. Mpishi yeyote aliyewahi kurushia unga maji anavijua vidonge hivyo. Bentley alivikausha, akavipima na kuvihesabu. Mwaka 1943, Wamarekani J. Otis Laws na Donald Parsons waliiboresha njia hiyo na kutoa majedwali ya ukubwa wa matone katika mvua za kila aina.

Mmarekani mwingine, W. D. Ellison, aligeukia kishindo chenyewe katika miaka ya 1940. Alijaza vikombe vidogo mchanga hadi ukingoni, akaviacha mvuani, kisha akapima ni mchanga kiasi gani uliorushwa nje. Kabla ya hapo, lawama za mmomonyoko zilielekezwa hasa kwa maji yanayotiririka. Ellison alionyesha kwamba mwizi wa kwanza ni tone. Tone huvunja udongo na kuurusha, na chembe zake zinaweza kuruka hadi sentimita 60 kwenda juu. Maji yanayotiririka ni mchukuzi anayekuja baadaye kubeba kilichokwisha kubomolewa.

Ushahidi mzito zaidi ulitoka barani Afrika. Kuanzia miaka ya 1950, Norman Hudson alifanya jaribio nchini Rhodesia ya Kusini, ambayo sasa ni Zimbabwe. Alitenga vipande viwili vya ardhi isiyo na mmea wowote. Kimoja alikiacha wazi. Juu ya kingine alitandaza wavu mwembamba wa kuzuia mbu. Wavu haukuzuia maji. Mvua yote ilifika chini, ila matone yalivunjwavunjwa na kupoteza kishindo. Kipande kilichoachwa wazi kilipoteza udongo zaidi ya mara 100 ya kile kilichofunikwa. Maji yalikuwa sawa, mteremko ulikuwa sawa. Tofauti ilikuwa kishindo.

Makosa ya zamani Ukambani

Majaribio hayo yanaipa sura nyingine historia ya Ukambani. Katika miaka ya 1930, serikali ya kikoloni ilitazama makorongo ya eneo lililoitwa Machakos, ambalo wakati huo lilijumuisha Makueni ya leo, ikaamua kuwa tatizo ni wingi wa mifugo. Mwaka 1938 iliwanyang'anya Wakamba ng'ombe na kuwauza kwa nguvu. Maelfu ya watu, wakiongozwa na Muindi Mbingu, waliandamana hadi Nairobi kupinga. Mbingu alikamatwa na kupelekwa Lamu, lakini serikali ililazimika kulegeza msimamo.

Ni kweli kwamba mifugo wengi humaliza nyasi, na ardhi isiyo na nyasi hukosa ngao dhidi ya tone. Lakini waliotoa amri ile walihesabu ng'ombe. Hawakuwa wamepima mvua inaipiga ardhi kwa nguvu gani, wala ni kifuniko kiasi gani kingetosha kuikinga.

Wakamba wenyewe walitoa jibu jingine. Kwa vikundi vya mwethya, ambamo wanawake walikuwa wengi, walichimba mitaro na kutupa udongo upande wa juu hadi mashamba yakawa ngazi. Ndiyo matuta yanayojulikana kote Afrika Mashariki kama fanya juu. Mwaka 1994, watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu kilichoonyesha kuwa kati ya 1930 na 1990 idadi ya watu katika eneo hilo iliongezeka takriban mara tano, na bado mmomonyoko ulipungua.

Shamba bila ngao

Kazi hiyo haijakamilika, na hapa tuirudie ile namba. Mvua kali ya milimita 25, ikinyesha kwa kasi ya milimita 75 kwa saa, huishia kwa dakika 20 tu. Majedwali yaliyotokana na vidonge vya unga yanaonyesha kuwa huleta nishati ya takriban jouli 700 kwa kila mita mraba. Kwa ekari moja, jumla ni karibu jouli milioni 2.8.

Ni zaidi ya pete ya kilo 500 iliyoanguka kwa mita 100 kwa sekunde. Pete iliangukia kijiji kimoja, mara moja. Mvua ya namna hiyo huangukia kila ekari ya Kitui na Makueni inakopita, tena mara nyingi hufika Oktoba au Novemba, shamba likiwa limekaushwa na kiangazi na mabua yameliwa au kuchomwa.

Tofauti ni kwamba nishati ya pete ilikusanyika mahali pamoja, ya mvua hutawanyika kwa mamilioni ya matone. Ndiyo maana moja ilivuta umati na nyingine haionekani. Anayetaka kuiona atazame kuta za nyumba zilizojengwa karibu na ardhi tupu: rangi nyekundu iliyotapakaa hadi magotini si uchafu wa watoto, bali ni udongo uliorushwa na matone. Mkulima pia anaweza kusimika ubao mweupe shambani kabla ya mvua na mwingine mahali palipofunikwa kwa mabua, kisha alinganishe. Hicho ni kikombe cha Ellison kisichogharimu chochote.

Vipimo hivi vinatoa mafunzo matatu. Kwanza, tuta huzuia maji yanayotiririka lakini halizuii tone. Shamba lenye matuta mazuri lililoachwa wazi bado hupigwa, na udongo uliopondwa huziba vitundu vya ardhi hivyo maji hayapenyi. Mabua, majani makavu au mimea inayotambaa kama kunde ndiyo ngao ya tone.

Pili, mti mrefu pekee si ngao. Maji hujikusanya kwenye majani na kudondoka yakiwa matone makubwa, nayo yakitoka kwenye tawi la mita 8 hivi hukaribia kasi yake kamili. Chini ya mwembe uliofagiliwa kila asubuhi, ardhi hupigwa kama uwanjani.

Tatu, kinachoanzia mteremkoni huishia mtoni. Huko Kitui, tangu miaka ya 1990 wanakijiji wakishirikiana na wakfu wa SASOL wamejenga mamia ya mabwawa ya mchanga. Ukuta huvuka mto wa msimu, mchanga mzito hukwama nyuma yake na kuhifadhi maji katikati ya chembe zake, hali tope jepesi hupita juu. Mteremko ukiachwa uchi, tope huwa jingi, na likituama ndani ya mchanga hupunguza nafasi ya maji. Kishindo kwenye shamba la jirani wa juu hupunguza madebe ya maji ya jirani wa chini.

Pete ya Mukuku ilichukuliwa na maafisa kwa uchunguzi zaidi, na kijiji kikarejea katika shughuli zake. Mvua nayo hurejea kila msimu, na kwa kishindo chake hakuna mkataba wa kimataifa wala nchi ya kudaiwa fidia. Mkulima mwenye gunia la mabua ambaye hajaamua kama atayachoma au atayatandaza shambani sasa anajua yana kazi gani.